Raia wa Wadi, Raia wa Dunia: Tunapiga Hodi Mlango Gani?



Katika kutembelea vikundi siku hizi tunasikia maneno mawili yakitajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza ni uraia wa kushiriki, yaani raia asikae akingoja serikali bali ahudhurie mikutano, aulize maswali, adai haki yake na atimize wajibu wake. La pili ni uraia wa dunia, yaani mtu ajione kuwa mmoja wa wanadamu wote, na mambo ya mbali kama hali ya hewa, vita na biashara ayaone kuwa yanamhusu. Semina za maneno haya ni nyingi, na watu wanarudi na vyeti. Lakini ukimwuliza mweka hazina wa kikundi, "Sasa hilo la pili linatusaidia nini katika mradi wetu wa maji?" utamwona akicheka kidogo na kutazama pembeni.

Swali hilo ni la haki. Tumelijadili sisi kwa sisi mara nyingi, na tumeona afadhali tuliandikie kirefu, kwa sababu kikundi kinachochanganya mambo haya mawili kinaweza kupoteza miaka kikipiga hodi mahali ambapo hakuna mtu ndani.

Neno lenyewe

Neno "raia" tulilipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kundi linalochungwa, watu walio chini ya mtawala. Kwa hiyo limebeba kumbukumbu ya mchungaji na fimbo yake. Wazee wanajua hayo bila kusoma kamusi. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 mwanamume Mwafrika katika Kenya alilazimishwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole ndani ya kijisanduku cha chuma, akikivaa shingoni. Kilionyesha ni nani na ameajiriwa na nani. Haki ya kuuliza lolote hakikumpa. Baada ya Uhuru tukapenda zaidi neno "mwananchi", mtoto wa nchi, lakini hata mtoto anaweza kuambiwa anyamaze watu wazima wakiongea.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza mambo, angalau kwenye karatasi. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 21 za kujibu ombi lako. Kifungu cha 37 kinaruhusu watu kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na kupeleka malalamiko yao kwa wenye mamlaka. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi hadharani na liwashirikishe wananchi.

Huu ndio uzuri wa uraia wa kushiriki: una mlango. Kuna ofisi, kuna mtu anayelipwa mshahara kukusikiliza, kuna sheria ya kumkumbusha, na kuna tarehe. Hapa kwenye tarehe ndipo vikundi vingi vinaanguka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa kufika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla mwaka huo wa fedha haujaanza. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi inafika kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe ya bajeti yanafika kufikia 30 Aprili, na yanapitishwa kabla Juni haijaisha. Sasa kikundi kinachoamka mwezi wa Mei kuomba kisima kinakuta chakula kimeshapakuliwa. Kitaambiwa "mwaka ujao", na mwaka ujao kitaamka tena mwezi wa Mei.

Tena ni lazima kujua ni kazi ya nani. Zahanati, chekechea, maji ya kijijini, mifugo na masoko ni mambo ya kaunti. Shule za msingi na za upili, polisi na vitambulisho ni mambo ya serikali ya kitaifa. Tumeona kikundi kikimlaumu MCA msimu mzima kwa ajili ya walimu wa shule ya upili, naye kwa kuogopa kura akakubali lawama na kuahidi. Walimu hawakuja. Wangetoka wapi, na kazi hiyo si yake?

Dunia haina chifu

Uraia wa dunia nao ni wazo la zamani. Inasimuliwa kwamba Mgiriki mmoja, Diogenes, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, aliulizwa anatoka wapi, akajibu kwamba yeye ni raia wa dunia. Inasemekana alikuwa amefukuzwa mji wake wa kuzaliwa. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa huna kamati inayokungoja Alhamisi.

Wazo hilo lilipata nguvu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu. Nchi 48 ziliunga mkono na nchi 8 zilijizuia kupiga kura. Kenya ilikuwa koloni, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza, ingawa maneno yalisema "kila mtu". Mwaka wa 2015 mataifa yalipokubaliana malengo 17 ya maendeleo yakaandika pia kwamba wanafunzi wote wafundishwe uraia wa dunia.

Shida ni kwamba dunia haina chifu, haina sajili ya wapigakura na haitoi kitambulisho. Mtu akifika mpakani Moyale na kusema yeye ni raia wa dunia, bado ataulizwa karatasi. Tena wanaoitwa raia wa dunia mara nyingi ni wale wenye pasipoti na tikiti ya ndege. Mgeni akija kupanda mti kwetu, picha inapigwa, yeye anaitwa raia wa dunia. Mama aliyeumwagilia mti huo maji kiangazi chote anaitwa mnufaika. Hilo sisi hatukubaliani nalo hata kidogo.

Basi wengine wanasema tuachane na dunia, tushughulike na wadi yetu. Tungefanya hivyo kama dunia nayo ingekubali kutuacha. Chukueni mfano wa kahawa. Mwaka wa 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine kadhaa zisiuzwe huko kama zimetoka kwenye ardhi ambayo msitu wake ulikatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mfanyabiashara anayeziingiza lazima aonyeshe mahali hasa zilikokuzwa. Tarehe ya kuanza kuitekeleza imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini sheria ipo. Nia yake si mbaya, maana misitu ikiisha mvua inatupotea sote. Lakini mwenye miche 200 ya kahawa huko Kirinyaga au Kisii, ambaye hajakata msitu wowote, sasa inabidi shamba lake lipimwe na kuandikwa, la sivyo kahawa yake ikose mnunuzi wa Ulaya. Yeye humpigia kura MCA, mbunge na gavana. Mbunge wa Ulaya hampigii.

Afanye nini? Mlango alio nao ni chama chake cha ushirika, na kutoka hapo wizara, ambayo ndiyo inayozungumza na Ulaya. Na kule ng'ambo yupo mtu anayekunywa kahawa hiyo kila asubuhi, tuseme Ujerumani, ambaye anapiga kura ya kumchagua mbunge wa Ulaya. Huyo akijali, asiishie kununua pakiti yenye picha ya mkulima anayetabasamu. Aende kwa mbunge wake amwulize gharama ya kupima mashamba madogo italipwa na nani. Kwa maoni yetu uraia wa dunia ndio huo: watu wawili wanaoshiriki, kila mmoja kwenye mlango wa nyumbani kwake, wakijua habari za mwenzake.

Mambo ya Ziwa Bogoria

Mfano wa Profesa Wangari Maathai mmeusikia mara nyingi. Leo tuuchukue mwingine, wa wafugaji wa Baringo, kwa sababu unaonyesha milango yote miwili na pia ufa ulio katikati.

Waendorois walikuwa wakiishi kando ya Ziwa Bogoria tangu zamani. Walichunga hapo, walizika hapo, na ziwa lenyewe lilikuwa mahali pao pa ibada na pa tambiko. Mwaka wa 1973 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka wa 1978 ikalitangaza upya kwa jina la Ziwa Bogoria. Mamia ya familia zilihamishwa kwenda sehemu kavu. Majani mazuri na chumvi ya kulambwa ambayo mifugo ilizoea vikabaki ndani ya hifadhi. Ada za watalii zilikwenda kwa serikali za mitaa za wakati huo. Ardhi hiyo kisheria ilikuwa imewekwa chini ya baraza la kaunti kwa niaba ya wananchi wenyewe, lakini wenyewe hawakuulizwa.

Wakaunda kamati. Wakazungumza na viongozi, wakangoja, wakazungumza tena. Halafu wakaenda Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwaka wa 2002 kesi yao ikatupwa. Mwaka huohuo kampuni moja ilipewa kibali cha kuchimba mawe ya rubi katika ardhi hiyo.

Hapo ndipo walipotoka nje ya nchi. Mwaka wa 2003, wakisaidiwa na shirika moja la Kenya na jingine la Uingereza, walipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo makao yake ni Banjul, nchini Gambia. Sasa sikilizeni vizuri, maana hiki ndicho tunachotaka vikundi vikishike. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, katika kifungu cha 56, unasema Tume haipokei malalamiko kabla mlalamikaji hajamaliza njia za sheria za nchini kwake, isipokuwa kama njia hizo zinacheleweshwa kupita kiasi. Kwa hiyo ile kesi iliyoshindwa Nakuru haikuwa kazi bure. Ndiyo iliyowafungulia Banjul. Shirika la Uingereza, hata likiwa na mawakili wengi, lisingekuwa na la kupeleka kama wazee wa Bogoria wasingekuwa wamekaa vikao, wameandika barua na wamesimama mbele ya hakimu wa nyumbani.

Uamuzi ulitolewa mwaka wa 2009 na kutangazwa mwanzoni mwa 2010. Tume ilisema Kenya imevunja haki za Waendorois: haki ya ibada, ya mali, ya utamaduni, ya kufaidi maliasili yao, na haki ya kujiendeleza. Kuhusu maendeleo ilisema jambo ambalo kila mwenyekiti anafaa kulijua, kwamba kuwajulisha watu jambo ambalo limeshaamuliwa si kushauriana nao. Tume ilitaka warudishiwe ardhi, waruhusiwe kufika ziwani kwa ibada na malisho, walipwe fidia na wapate sehemu ya mapato. Na ilitaka pia kamati yao iandikishwe rasmi. Ninyi mnaosumbuka na cheti cha usajili wa kikundi, mwone kwamba jambo hilo lilionekana zito hata Banjul.

Je, waliipata ardhi? Mwaka wa 2014 serikali iliunda kikosi kazi cha kuangalia utekelezaji, na miaka mingi baada ya uamuzi mapendekezo makubwa yalikuwa bado kutekelezwa. Tume haina polisi wala hazina. Karatasi ya Banjul ilirudi Baringo na ikawa tena kazi ya kamati ileile, mbele ya ofisi zilezile.

Kuna jambo la pili katika ziwa hilohilo. Mwaka wa 2011 Ziwa Bogoria, pamoja na maziwa ya Nakuru na Elementaita, liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni heshima kubwa. Lakini liliingizwa bila Waendorois kushirikishwa inavyotakiwa, ingawa uamuzi wa Banjul ulikuwa umeshatoka. Mwaka huohuo Tume ya Afrika ilitoa azimio la kulalamikia jambo hilo. Kumbe mtu anaweza kuambiwa ziwa lake ni mali ya wanadamu wote kabla hajaulizwa kama yeye ni mmoja wa wanadamu hao. Dunia ilikuja Bogoria mara mbili: mara moja kwa kuitwa na wenyeji, mara nyingine kwa kujiita. Kikundi kikiletewa mradi wa "dunia", uwe wa hewa ya kaboni au wa kuhifadhi mto, kiulize kwanza: huu umeitwa na nani?

Ushiriki usio na macho

Tusije tukafikiri uraia wa kushiriki wenyewe hauna kasoro. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 vijana walikuwa na vikao, walichangishana, walikuwa na viongozi na walifika kwa wakati. Walishiriki kweli. Walishiriki kumfukuza jirani. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Mtu anayejua haki za "watu wetu" peke yake anaweza kuwa hatari kuliko aliyelala. Kwa hiyo ule ugeni wa uraia wa dunia, wa kusema kila mtu ana haki hata asiyezungumza lugha yetu, hauanzi na Wazungu wala Wachina. Unaanza na yule aliyehamia kijijini miaka ishirini iliyopita na bado hajawahi kuchaguliwa hata kuwa mjumbe wa kamati ya maji.

Vijana wa juzi walitupa sura nyingine. Juni 2024, wakipinga Muswada wa Fedha, waliusoma kifungu kwa kifungu, wakawafafanulia watu kwa lugha za nyumbani kwenye simu, na mabango mengine yalilitaja Shirika la Fedha la Kimataifa kwa jina. Waliona kwamba kodi ya mkate inapangwa Nairobi lakini deni linaloileta limetiwa sahihi na watu wa mbali pia. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kutia sahihi muswada huo. Siku moja kabla, vijana waliuawa kwa risasi karibu na Bunge. Hatuwezi kuandika habari za kushiriki tukaliruka hilo.

Kazi ya mwezi huu

Tunashauri kila kikundi kichukue shida moja tu, ile inayozungumzwa hata kwenye matatu, na kukaa nayo jioni moja. Muulizane nani anakata neno juu yake. Ikiwa ni dawa za zahanati, jibu ni kaunti, na hamhitaji dunia. Ikiwa ni bei ya kahawa au ya chai, fuateni kamba mkono kwa mkono mpaka muone inaishia wapi: faktori, chama, mnada, mnunuzi. Kwa kila mkono andikeni kama mna mlango wenu wenyewe au mnahitaji mtu wa upande wa pili. Mkihitaji mtu wa upande wa pili, msimwombe pesa kwanza. Mwombeni aulize swali nyumbani kwao, kisha awaandikie alijibiwa nini.

Na kwa ajili ya ile tarehe ya 1 Septemba, mkutano wa kupanga maombi ya wadi ufanyike Juni au Julai, si baadaye. Barua iandikwe nakala mbili, Kiswahili kinatosha. Mkifika ofisini ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe, hata kama karani atasema si lazima. Nakala hiyo ikae kwa katibu ndani ya faili, isikae kwa mwenyekiti ndani ya mfuko wa koti.